Hirola Anakula Nyasi za Nani?

Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu hirola 497. Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kuzidi 10,000, wametapakaa kutoka mashariki mwa Mto Tana hadi kusini mwa Somalia. Ni swara wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe unaounganisha macho na tezi nyeusi chini yake zilizompa jina la swara wa macho manne. Katika jenasi yake, Beatragus, hakuna spishi nyingine iliyobaki hai. Akitoweka, Afrika, ukiacha visiwa vyake, itakuwa imepoteza jenasi nzima ya mamalia, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya kukumbukwa. Na makao yake makuu leo ni malisho ya Ijara na maeneo jirani ya Kaunti ya Garissa: Hara, Korisa, Kotile, Masalani na kuendelea.

Kila hirola anapotajwa Nairobi, mazungumzo huwa ni ya ua, helikopta, askari na warsha. Nashikilia msimamo mwingine. Hirola yu hai hadi leo kwa sababu wafugaji wa Ijara wamemlisha miaka yote hii bila kulipwa hata senti. Tusipoanza kuwalipa kodi ya malisho, kila mwaka na kwa kila kaya, mnyama huyu atatuponyoka hata tukimzungushia ua wa dhahabu. Anachokosa hirola ni nyasi, na nyasi zina wenyewe.

Chukua kaya moja ya Kotile yenye ng'ombe thelathini. Kiangazi cha Januari hadi Machi, ambacho Wasomali hukiita jilaal, kikishika, vijana wanatumwa kwenda kukagua malisho. Wanarudi na habari: upande huu pamebaki nyasi za wiki tatu, upande ule mifugo ya wageni imeshaingia, na pale uwandani kuna hirola na pundamilia. Mwenye ng'ombe ana usiku huo kuamua. Akiwapeleka uwandani, ng'ombe watatoa maziwa mwezi mmoja zaidi. Akiuacha ule uwanda, watoto watakunywa chai ya rangi, na huenda akauza mtamba kwa bei ya njaa sokoni Garissa. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, kaunti kame za Kenya zilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Anayefanya hesabu hiyo ya usiku anajua vizuri thamani ya nyasi. Ajabu ni kwamba ameziacha mara nyingi kiasi cha hirola kubaki.

Gharama hiyo inamwangukia mtu mmoja. Faida inakwenda kwa wote: mwanafunzi wa Kisumu, mtalii wa Berlin, mjukuu wa mjukuu wangu. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuzuiwa kufurahia kwamba hirola yupo, hakuna anayejiona analazimika kulipa. Mwaka 1967 mwanauchumi Mmarekani John Krutilla aliandika makala ambayo sisi wa fani hii bado tunairejea. Alieleza kwamba baadhi ya vitu vya asili vina thamani hata kwa mtu asiyetarajia kuviona, na kwamba uamuzi wa kuviharibu una uzito wa pekee kwa sababu haurudishwi nyuma. Bwawa lisipojengwa mwaka huu litajengwa mwaka ujao. Jenasi iliyotoweka haijengwi. Basi kama thamani ipo na soko haliipokei, lazima itafutwe njia nyingine ya kuifikisha kwa yule anayeamua usiku ule wa jilaal. Ishara ya bei anayoipata leo inamwambia jambo moja tu: lisha.

Serikali ilijaribu njia ya tangazo. Mwaka 1974 Hifadhi ya Taifa ya Arawale ilitangazwa katika gazeti rasmi, kilomita za mraba 533 karibu na Masalani, kwa ajili ya hirola hasa. Kwenye ramani ikawa mali ya umma. Kwenye ardhi yenyewe, tangu miaka ya 1980 imekaa bila usimamizi wa kueleweka, na mgeni anaweza kupita ndani yake asijue kwamba yumo hifadhini. Watu husema tatizo la Arawale ni ukosefu wa fedha. Nakubali kwa nusu. Madhara makubwa zaidi yalitokana na kuvuruga swali la nani ana haki ya kumwambia mgeni, "Hapa msimu huu hapalishwi." Wazee walikuwa na uwezo huo kwa xeer, sheria yao ya mila: nani anaingia, mwezi gani, baada ya kuomba kwa nani. Serikali ilijipa ardhi juu ya karatasi, halafu haikuja kuitunza. Ardhi ya wote ikageuka ardhi isiyo na mwenyewe, na ardhi ya namna hiyo hulishwa na anayewahi.

Wengi hunukuu hapa nadharia ya Garrett Hardin ya mwaka 1968, kwamba malisho ya pamoja lazima yaishie kuharibiwa, na wanahitimisha kuwa dawa ni kugawa hati au kuleta dola. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kosa la fikra hiyo. Malisho ya pamoja yenye kanuni, wanachama wanaojulikana na adhabu zinazotekelezwa yamedumu karne nyingi. Malisho aliyoyaeleza Hardin yalikuwa hayana kanuni yoyote. Ukitaka mfano wa Hardin katika Ijara, nenda Arawale baada ya 1974; na mfano huo uliletwa na tangazo la serikali.

Lawama nyingine huelekezwa kwa ng'ombe, nami naona zinawakosea ng'ombe haki. Kilichowaangusha hirola kutoka maelfu hadi mamia kilianza na ukame na sotoka ya miaka ya 1983 hadi 1985. Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe uliovuka kwa wanyamapori, na ukanda huu wa Kenya, Somalia na Ethiopia ndio uliokuwa maficho ya mwisho ya virusi vyake duniani. Mara ya mwisho sotoka kuthibitishwa popote ilikuwa kwa nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka 2001. Ikatangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Kazi hiyo ilifanywa na madaktari wa mifugo na wahudumu wa afya ya mifugo waliotembea kutoka boma hadi boma wakichanja ng'ombe. Ukiniuliza ni fedha gani zilizomsaidia hirola kuliko zote katika miaka hamsini, nitataja zile za chanjo ya ng'ombe, ambazo hakuna aliyeziandika kwenye bajeti ya uhifadhi. Leo kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoua maelfu ya swala aina ya saiga kule Mongolia kuanzia mwisho wa 2016. Anayemtakia hirola mema na aanze kwa kuhakikisha mbuzi wa Ijara wamechanjwa.

Sotoka iliondoka, lakini hirola hawakurudi. Hili ndilo fumbo lililochunguzwa na Dkt. Abdullahi Ali, mwanasayansi mzaliwa wa Garissa na mwanzilishi wa Mradi wa Uhifadhi wa Hirola, pamoja na wenzake. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017 walilinganisha picha za setilaiti na kukuta kwamba kati ya 1985 na 2012 eneo lenye miti katika makao ya hirola liliongezeka kwa asilimia 251. Uwanda uligeuka kichaka. Hirola anataka nyasi fupi na nafasi ya kumwona simba akiwa mbali. Kichakani hana hiki wala kile. Miti iliongezeka kwa sababu waliokuwa wakiiangusha waliuawa: Kenya ilikuwa na tembo wapatao 167,000 mwaka 1973 na takriban 16,000 mwaka 1989, na Garissa haikusazwa na majangili. Malisho yaliyolemewa mahali pamoja nayo yalichangia, na moto uliokuwa ukisafisha vichaka ulikoma. Karibu na mto likaongezeka janga la mathenge, ulioletwa Bura miaka ya 1980 kama mti wa kuni. Tazama sasa nani mwingine anaumizwa na kichaka: ni mwenye ng'ombe. Ng'ombe na hirola wanapoteza uwanda uleule kwa pamoja. Ndiyo maana wafugaji waliohojiwa katika utafiti mwingine wa Ali na wenzake waliunga mkono kurudisha nyasi na hata kurudisha tembo. Maslahi yao yanaelekea upande mmoja kwa sehemu kubwa, na sera nzuri huanzia hapo.

Sehemu ndogo ambayo hayaelekei pamoja ndiyo inayohitaji fedha. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, huko huko Ijara, inatuonyesha jinsi. Jamii za Hara, Korisa na Kotile zilianzisha hifadhi yao kwenye ardhi yao, bila tangazo la mbuga, na mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa ndani ya ua wa kuzuia simba na fisi, kwa msaada wa wafadhili, muungano wa hifadhi za jamii za kaskazini uitwao NRT, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ndani ya muongo mmoja walizidi 100. Wazee walitenga malisho ya ng'ombe wao kwa hiari, kilomita za mraba zaidi ya 20, karibu na mto ambako kila ekari inahesabiwa. Walipata ajira za askari, basari kadhaa za shule, maji. Ni kitu, na siyadharau. Lakini vitu hivyo hutegemea mradi, na mradi hutegemea ripoti ya mwaka ya mfadhili aliye ng'ambo. Nyasi zilitolewa kwa kudumu, malipo yakaja kwa muda.

Majibu ya haraka

"Utalii utalipa." Hapana, hautalipa, si Ijara na si katika miaka inayoonekana. Tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015 na operesheni ya usalama iliyoanza msitu wa Boni mwaka huohuo, balozi za kigeni zimekuwa zikiwaonya raia wao wasikaribie mpaka wa Somalia. Ishaqbini ilipata bahati ambayo mbuga yoyote ingeililia: mwaka 2017 video ya twiga weupe, mama na ndama, ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2020 mama huyo na ndama wake mwingine walikutwa wameuawa na majangili, akabaki dume mmoja ambaye alifungwa kifaa cha kumfuatilia. Mamilioni ya watu waliwatazama twiga wale kwenye simu zao. Hakuna hata mmoja aliyekatishwa tikiti ambayo sehemu yake ilifika Kotile. Hata Maasai Mara, palipo na ndege na hoteli, mapato ya hifadhi za jamii yaliporomoka ghafla korona ilipoingia 2020. Kumfunga hirola kwenye mapato ya utalii ni kumfunga kwenye kitu kinachotetereka kuliko mvua.

"Basi wahamishwe." Lilijaribiwa mwaka 1963, likarudiwa 1996, hirola wakipelekwa Tsavo Mashariki. Waliofikishwa mwaka 1996 walikuwa 29. Kundi la Tsavo limebaki dogo tangu hapo, likizunguka mia moja au pungufu. Mwaka huohuo wa 1996 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kupinga uhamisho, na mahakama ikaona kwamba KWS haina mamlaka ya kuwaondoa wanyama katika makao yao ya asili bila ridhaa ya wenye kunufaika na ardhi ile. Baadhi ya wahifadhi waliona hukumu ile ni kikwazo. Mimi naisoma kama hati muhimu kuliko zote katika uchumi wa hirola: watu walishtaki ili mnyama asiondoke. Mtu haendi mahakamani kupigania kitu anachokiona ni mzigo mtupu.

"Kuna fidia." Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mifugo iliyoliwa imo pia. Madai hupitia kamati ya kaunti, hupanda Nairobi, na huweza kukaa miaka. Hata kama yangelipwa kesho asubuhi, fidia hulipia hasara iliyotokea. Haimlipi aliyeacha nyasi kwa makusudi, na huyo ndiye tunayemhitaji.

Kodi ya malisho

Mfano tunao nyumbani. Mwaka 2000 wenye ardhi wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi, walianza kulipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, wakati ule takriban shilingi 300, ili wasizungushe ua, wasichimbe mawe na wawaache wanyama wapite. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, yakilengwa kabla ya shule kufunguliwa, mkononi mwa mwenyewe. Chukua bei hiyo ukaipeleke kwenye eneo lote la Arawale, ekari 131,000 na ushei. Unapata karibu shilingi milioni 40 kwa mwaka. Ukigawa kwa hirola 497, ni kama 80,000 kwa kila mmoja. Maisha yamepanda tangu 2000, kwa hiyo weka shilingi 1,000 kwa ekari: milioni 130. Kwa taifa lenye uchumi wa ukubwa wa Kenya, kiasi hicho ni kidogo mno kwa kuokoa jenasi nzima.

Fedha hizo zisiombwe kila mwaka. Sheria ileile ya 2013 iliunda mfuko wa wakfu wa wanyamapori, na watu wa Ijara hawahitaji mwanauchumi awafafanulie wakfu. Nyumba ya kupangisha imewekwa wakfu kwa msikiti. Haiuzwi, kodi yake inalipa mwalimu wa madrasa na taa. Mtaji ukitoa asilimia 5 baada ya kuondoa mfumuko wa bei, malipo ya milioni 40 yanahitaji shilingi milioni 800, na ya milioni 130 yanahitaji bilioni 2.6, yaani dola milioni 20 hivi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilitoa hati fungani ya dola milioni 150 kwa ajili ya faru weusi wa Afrika Kusini, ambapo faida ya mwekezaji inategemea ongezeko la faru. Dunia ina fedha za aina hii. Na sisi tuna chanzo chetu: barabara ya LAPSSET kutoka Lamu kwenda Garissa inakatiza Ijara. Kosta Rika hulipa wenye misitu kwa sehemu ya kodi ya mafuta, tangu sheria yao ya 1996. Tozo ndogo kwa kila lori la mizigo linalopita katika makao ya hirola ingeujaza wakfu huu taratibu, na anayelipa angekuwa yule anayeleta usumbufu.

Ugumu wenyewe uko kwenye kugawa. Ukilipa kwa idadi ya ng'ombe, unamtajirisha mwenye mifugo mingi, ambaye pengine anaishi Garissa mjini na ameajiri mchungaji, na unamshawishi kila mtu aongeze mifugo. Ukilipa kamati, umelipa kamati. Kwa hiyo ilipwe kaya, sawa kwa sawa, iwe na ng'ombe mia au isiwe na hata mbuzi, kwa simu, majina ya mume na mke yakiwa kwenye orodha, na orodha ibandikwe msikitini na kwa chifu ili jirani amjue jirani. Mjane asiye na mifugo naye amekosa kuni na maziwa ya kugawiwa kwa sababu ya malisho yaliyotengwa. Robo tatu ya malipo ifuate kile ambacho wafugaji wanakiweza: uwanda umepumzishwa miezi iliyokubaliwa, vichaka vimekatwa, mbegu za nyasi zimepandwa. Robo moja tu ifuate hesabu ya hirola, kwa sababu hirola wanaweza kupungua kwa ukame ambao hakuna mzee wa Korisa aliyeuleta, na kumnyima mtu fedha katika mwaka wa ukame ni kumsukuma aingize ng'ombe uwandani siku ileile tunayotaka auache.

Wapo watakaosema kulipa kutaharibu heshima ambayo wafugaji wa Kisomali wanayo kwa mnyama huyu na dharau yao ya zamani kwa uwindaji. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito. Hirola mwenyewe asiwekewe bei, wala asilipwe mtu kwa kutomuua. Kinacholipiwa ni malisho, na malisho yamekuwa yakijadiliwa, yakiombwa na kulipiwa shukrani tangu kale.

Lakini huwezi kukodi ardhi kwa mtu ambaye sheria haijamtambua kuwa mwenyewe. Katiba ya 2010 iliitambua ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata mwaka 2016, na mpaka jamii isajiliwe ardhi yake inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yake. Sheria hiyo inataka mikataba ya uwekezaji ipitishwe na theluthi mbili ya mkutano wa jamii. Wanaoliona sharti hilo kuwa la kuchelewesha mambo waangalie Isiolo: mwanzoni mwa 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za Biliqo-Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Miaka ya kazi, fedha na mishahara ikaning'inia kwa sababu hatua ya kwanza ilirukwa. Mradi wa hewa ukaa uliotegemea hifadhi za kaskazini nao ulisimamishwa kwa muda mwaka 2023 ukikaguliwa. Mnunuzi wa aina yoyote, awe wa kaboni au wa hirola, atauliza swali la kwanza: aliyetia saini ni nani?

Kwa hiyo fedha za mwanzo kabisa ziende kwa wapima ardhi na mikutano ya usajili katika Ijara, kabla ya ua mwingine wowote kujengwa. Zifuate za chanjo ya mifugo na mishahara ya vijana wa kukata vichaka na kupanda nyasi, ambazo zitamnufaisha ng'ombe mwaka huohuo na kuwapa wafugaji sababu ya kuamini zinazofuata. Arawale ijadiliwe upya: ibaki hifadhi, lakini kaunti itie saini makubaliano ya kuisimamia pamoja na jamii zinazoizunguka, na uwezo wa kuzuia mifugo ya wageni urudi kwa wazee, ukiandikwa kwa lugha ya sheria. Kodi ya malisho ianzie hapo kwa kipande kimoja, misimu mitatu, huku hirola wakihesabiwa na watu wasiolipwa na KWS, kaunti wala hifadhi yenyewe. Matokeo ya hesabu yasomwe hadharani Masalani, pamoja na majina ya waliolipwa na kiasi walichopata.